Mwenda bure akaokota: kisa cha Pavel Datsyuk na nafasi ya 171

Tarehe 27 Juni 1998, mjini Buffalo, timu 27 za NHL, ligi kuu ya Amerika ya Kaskazini, zilikutana kugawana vijana wa hoki ya barafu. Jina la kwanza kutajwa lilikuwa la Vincent Lecavalier, akaenda Tampa Bay, na kila mtu alilitegemea. Majina yakaendelea, raundi baada ya raundi. Katika raundi ya sita, nafasi ya 171, Detroit Red Wings wakamtaja Mrusi wa miaka 19 kutoka Yekaterinburg: Pavel Datsyuk.

Kijana huyo alikuja kucheza misimu 14 Detroit, michezo 953, pointi 918, yaani mabao na asisti kwa pamoja. Akabeba Kombe la Stanley, ndilo la ubingwa wa NHL, mwaka 2002 na 2008. Akatwaa mara tatu mfululizo tuzo ya Selke, ya mshambuliaji hodari kuliko wote katika kulinda, na mara nne mfululizo ile ya Lady Byng, ya mchezaji muungwana. Mwaka 2024 akaingizwa kwenye Jumba la Heshima la hoki kule Toronto. Hakuna anayebisha leo kwamba alikuwa mmoja wa mafundi wakubwa kuwahi kuvaa viatu vya barafu.

Kisa hiki husimuliwa sana, na karibu kila anayekisimulia hukifanya kuwa hadithi ya jicho kali: skauti mmoja, yaani msaka vipaji, aliona kile ambacho wengine hawakukiona. Mimi nimekirudia mara nyingi na siafiki masimulizi hayo. Jicho lilikuwapo, sikatai. Lakini ukikifungua kisa chenyewe, jicho ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni nauli, ni kurudi, na ni kujua jirani yako anajua nini.

Kwanza tuelewane kuhusu uteuzi wenyewe. Katika NHL timu hainunui kijana kama klabu ya soka inavyonunua. Kila mwaka timu hupanga foleni na kuchagua kwa zamu, iliyofanya vibaya ikiwa mbele na bingwa akiwa nyuma. Ukishamtaja kijana, haki ya kumsajili ni yako. Kijana wa Ulaya aliyetimiza miaka 18 na kupita bila kutajwa aliweza kutajwa mwaka unaofuata. Datsyuk, aliyezaliwa Julai 1978, aliweza kuteuliwa tangu 1996. Mwaka huo yalitajwa majina 241, lake halimo. Mwaka 1997 yakatajwa 246, halimo. Mwaka 1998 yakatajwa 170 kabla yake. Jumla ni vijana 657 walioonekana bora kuliko yeye. Kosa la mtu mmoja aliyelala usingizi siku moja halifiki ukubwa huo. Ulikuwa mfumo mzima ukitazama upande mwingine kwa miaka mitatu.

Kwa nini? Anza na mji. Yekaterinburg, wakati wa Kisovieti ukiitwa Sverdlovsk, uko kwenye milima ya Ural, zaidi ya kilomita 1,400 mashariki ya Moscow. Kwa sababu ya viwanda vyake vya silaha, mgeni hakuruhusiwa kuingia humo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Maskauti wa Amerika ya Kaskazini na wa Ulaya Magharibi walikuwa na njia zao walizozizoea: klabu kubwa za Moscow, mashindano ya dunia ya vijana, mashindano ya timu za taifa kule Finland, Sweden na Czech. Huko vijana bora wa nchi nne au tano hukusanyika wiki moja, na skauti mmoja huandika ripoti za wachezaji ishirini bila kubadilisha hoteli. Ni kazi yenye busara, tena ya gharama ndogo. Shida yake ni kwamba humwona tu yule ambaye makocha wa taifa wameshamchagua. Datsyuk hakuwamo kwenye kikosi cha vijana wa Urusi. Alikuwa akicheza nyumbani, Dynamo-Energija, klabu ambayo haikuwa kwenye njia ya yeyote.

Halafu umbo. Alikuwa na urefu wa karibu sentimita 180 na mwili mwembamba. Leo hilo halimsumbui skauti, lakini miaka hiyo ya mwisho ya 1990 barafu ya NHL ilikuwa mali ya majitu. Philadelphia walikuwa na Eric Lindros na wenzake wa mstari mmoja, kila mmoja kama mlango wa ghala, na timu nyingine zikakimbilia kutafuta za kwao. Tena waamuzi waliruhusu mchezaji kumshika mwenzake, kumvuta kwa fimbo, kumning'inia mgongoni, mpaka sheria zilipokazwa mwaka 2005 baada ya msimu mzima kupotea kwa mgogoro wa mishahara. Skauti aliyemkataa kijana mwembamba mwaka 1997 hakuwa mjinga. Alikuwa akipima kwa mizani ya mchezo uliokuwapo. Nasema hivi kwa sababu ni rahisi mno, miaka mingi baadaye, kuwacheka watu ambao walikuwa na hoja.

Na kuna jambo la tatu ambalo wachache hulitaja: kijana akishapita mwaka mmoja bila kuchaguliwa, faili lake hufungwa. Skauti ana vijana wapya wa miaka 17 na 18 wa kuwaandikia ripoti. Nani ana muda wa kurudi kwa yule ambaye wenzake wote wameshamwacha? Kukua kwa binadamu hakufuati kalenda ya uteuzi, lakini safari za maskauti hufuata.

Sasa aingie Håkan Andersson, Mswidi aliyekuwa mkuu wa wasaka vipaji wa Detroit barani Ulaya. Hakwenda Urusi kumtafuta Datsyuk. Alikwenda kumtazama Dmitri Kalinin, beki wa Chelyabinsk, kijana ambaye kila mtu alishamjua na ambaye alitarajiwa kuchukuliwa mapema. Datsyuk alikuwa tu upande wa pili wa mchezo huo. Waswahili wanasema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Andersson aliokota.

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo ufundi ulipo. Hoki ni mchezo wa kasi isiyompa mtazamaji nafasi. Wachezaji watano na kipa kwa kila upande, wanaingia na kutoka kila baada ya chini ya dakika moja, na kile kisahani cha mpira mgumu kinapita haraka kuliko macho. Ukitumwa kumwangalia beki mmoja, macho yako yanamfuata yeye: anageukaje, anapiga pasi ya kwanza wapi, anafanya nini akibanwa pembeni. Wengine wote ni mandhari. Kumwona mtu wa mandhari kunahitaji yeye aingilie kazi yako. Mshambuliaji mdogo anapompokonya kisahani yule uliyekuja kumtazama, au anapomlazimisha afanye jambo ambalo hakupanga, ndipo unageuza karatasi ya orodha kutafuta namba yake.

Na kupokonya ndiko kulikokuwa kipaji cha Datsyuk. Watu hukumbuka chenga zake, kwa kuwa zilikuwa tamu. Ila anayemjua vizuri atakuambia habari ya fimbo. Alikuwa akimjia mpinzani kutoka nyuma, anainyanyua fimbo ya mwenzake kidogo tu, kama mtu anayeinua kifuniko cha chungu, anachukua kisahani na kuondoka nacho kabla mwenye mali hajajua. Bila kusukuma, bila faulo. NHL ilipoanza kuhesabu kunyang'anya huko kwenye takwimu zake, jina lake lilikaa juu kabisa misimu kadhaa. Mwaka 1998 hakuna aliyekuwa akihesabu jambo hilo Yekaterinburg. Karatasi ya matokeo ilionyesha mabao na asisti, na kwa upande huo hakuwa na makubwa ya kujivunia. Kwa hiyo ripoti iliyotegemea karatasi isingemfikia. Ilibidi mtu awe ukumbini, kwenye baridi, akitazama.

Hata hivyo, mchezo mmoja hautoshi. Kila skauti ana daftari la wachezaji waliong'ara usiku mmoja, kisha wakapotea. Andersson aliondoka na shauku, akiwa pia ameona udogo wa mwili, na akaamua kurudi. Safari mojawapo ya kurudi ndiyo ninayoipenda kuliko sehemu yoyote ya kisa hiki: ndani ya ndege alimkuta skauti wa timu nyingine ya NHL, naye akielekea hukohuko. Theluji ikazuia, ndege haikuruka, safari ikafutwa. Yule mwenzake hakupata kumwona Datsyuk akicheza. Andersson ndiye anayeaminika kuwa skauti pekee wa NHL aliyemwona kwa macho kabla ya uteuzi.

Wengi huichukua theluji hiyo kama bahati ya Detroit, kisha hadithi inaishia hapo. Mimi naiona kama taarifa. Andersson sasa alijua mambo mawili: kwamba kijana yupo, na kwamba karibu hakuna mwingine aliyemtazama. La pili lina thamani sawa na la kwanza, pengine zaidi. Uteuzi ni soko. Ukijua bidhaa ni nzuri lakini hujui wenzako wanaionaje, utalazimika kuinunua ghali kwa hofu ya kunyang'anywa. Ukijua wenzako hawajaiona, unaweza kutumia nafasi zako za mbele kwa wale ambao kila mtu anawagombania, ukamchukua wako mwishoni. Skauti mzuri huandika mambo mawili kwenye ripoti yake: nimeona nini, na nani mwingine alikuwa amekaa jukwaani.

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomfanya Andersson nabii na Detroit wajuzi. Angalia waliochaguliwa na Detroit kabla ya Datsyuk siku hiyohiyo: Jiri Fischer nafasi ya 25, Ryan Barnes ya 55, Tomek Valtonen ya 56, Jake McCracken ya 84, Brent Hobday ya 111, Carl Steen ya 142, Adam DeLeeuw ya 151. Saba. Fischer akawa beki wa kweli na kubeba kombe mwaka 2002. Barnes alicheza michezo miwili NHL. Watano waliobaki hawakucheza hata mmoja. Timu iliyokuwa na siri mkononi iliwatanguliza watu saba. Kama wangejua kwa hakika walichokuwa nacho, hakuna mwenye akili ambaye angecheza kamari ya kungoja hadi 171 eti kwa kuwa theluji ilimzuia mtu mmoja. Walikuwa na tumaini, basi, la kiasi cha raundi ya sita, na ni heshima kwao kulisema hivyo. Nafasi ya 171 ni ya bei rahisi: wengi wa wanaochaguliwa huko hawafiki kokote, na ukikosea hakuna atakayekuuliza. Ni mahali pazuri pa kumweka kijana mwembamba mwenye akili kubwa, kwa sababu mwili unaweza kuongezeka na akili ya mchezo haifundishiki kirahisi.

Jambo jingine ni masikio ya klabu. Detroit walikuwa wametwaa ubingwa chini ya wiki mbili kabla ya uteuzi, wa pili mfululizo, wakiwa na Warusi kikosini: Sergei Fedorov, Igor Larionov, Vyacheslav Kozlov, Vyacheslav Fetisov. Vladimir Konstantinov naye alikuwa mmoja wao mpaka ajali ya gari ya Juni 1997 ilipommaliza kimchezo. Fedorov na Konstantinov walitoka kwenye uteuzi wa 1989, nafasi ya 74 na ya 221, sambamba na Mswidi Nicklas Lidström wa nafasi ya 53. Kwa hiyo skauti wa Ulaya alipokuja na jina geni kutoka Ural, meneja Ken Holland na msaidizi wake Jim Nill, aliyesimamia usakaji wa vijana, hawakuwa watu wa kuuliza kama Mrusi anaweza kuvumilia NHL. Jibu lilikuwa chumbani kwao likivaa jezi. Najiuliza mara kwa mara ni maskauti wangapi wa timu nyingine walioandika ripoti nzuri miaka hiyo, zikafia kwenye meza ya bosi aliyeogopa pasipoti.

Na bingwa huchagua mwishoni. Tena huwa amekwisha kutoa nafasi zake za mbele kwa wengine ili kupata wachezaji wa kumsaidia sasa. Hilo linalazimisha kuchimba chini. Timu inayochagua ya tatu kila mwaka haihitaji kupanda ndege kwenda Yekaterinburg.

Baada ya kumchagua, Detroit hawakumgusa. Kijana wa miaka 19 angeweza kuvutwa Amerika haraka, kutupwa kwenye ligi ya chini asikojua lugha, na kuvunjika moyo. Walimwacha Urusi miaka mitatu, wa mwisho akiwa Ak Bars Kazan, klabu kubwa kuliko ya nyumbani. Alipofika Detroit msimu wa 2001–02 alikuwa na miaka 23. Chumbani alimkuta Larionov, mzee wa miaka 40 aliyecheza kwa akili vilevile. Kocha Scotty Bowman akamweka mstari mmoja na Boyd Devereaux na mfungaji mkongwe Brett Hull. Msimu huo alifunga mabao 11, akatoa asisti 24, na timu ikabeba kombe. Ninapomsikia mtu akisema Datsyuk aliokotwa raundi ya sita, huwa nataka kuongeza: akalelewa pia. Wapo waliookotwa vizuri wakaharibiwa na haraka.

Swali linalobaki ni kama yote haya yalikuwa bahati mara moja. Mwaka uliofuata unasaidia kujibu. Katika uteuzi wa 1999 Detroit hawakuwa na nafasi yoyote mpaka ya 120. Katika ya 210, raundi ya saba, walimchukua Mswidi mdogo wa umbo kutoka Timrå, Henrik Zetterberg. Skauti alikuwa Andersson yuleyule, na safari hii pia alikuwa amekwenda kumtazama mwingine, Mattias Weinhandl. Zetterberg alikuja kuwa nahodha wa Detroit, mchezaji bora wa mtoano wa 2008, na akafikisha pointi 960. Mara mbili mfululizo mtu wa mandhari akageuka kuwa mchezaji mwenyewe. Sidai kwamba hiyo ni kanuni; majina mengine ya Detroit ya mwaka huohuo, mbele na nyuma ya Zetterberg, hayakufika mbali. Ila inanionyesha tabia ya kazi: mtu anayekubali kuvurugwa na kile asichotumwa kukiona, kisha anarudi kukihakiki. Tomas Holmström, aliyepatikana nafasi ya 257 mwaka 1994, alipita mkononi mwa skauti huyohuyo.

Kuna watakaosema kisa hiki kimepitwa na wakati. Sasa kila mchezo wa Urusi una video, kunyang'anya kunahesabiwa, na hakuna mji uliofungwa kwa kamera. Ni kweli kwamba Datsyuk wa leo asingefichwa na theluji. Lakini Nikita Kucherov alichaguliwa wa 58 mwaka 2011, Brayden Point wa 79 mwaka 2014, Kirill Kaprizov wa 135 mwaka 2015. Wote watatu walionekana, walirekodiwa, walijulikana. Kilichowashusha ni kilekile: umbo dogo, na kwa Warusi wasiwasi kwamba watabaki kwao. Video imeondoa umbali. Haijaondoa mizani.

Datsyuk mwenyewe alirudi Yekaterinburg mwaka 2019 kumalizia mchezo wake kwa klabu ya Avtomobilist, mbele ya watu wa mji ule ambao maskauti hawakuufikia.

Na Kalinin, yule aliyesababisha safari? Ripoti juu yake ilikuwa sahihi pia. Buffalo walimchukua nafasi ya 18, akacheza zaidi ya michezo 500 NHL. Zamu ya Detroit ilikuwa ya 25. Kijana ambaye Andersson alipanda ndege kwenda kumtazama alikuwa ameshachukuliwa kabla Detroit hawajafungua kinywa, na yule aliyemkuta njiani alibaki akiwangoja kwa majina mengine 146.